Kupanda Mlima Sinai usiku: maswali yenu

Wiki iliyopita niligusia safari ya kupanda Mlima Sinai kule Misri usiku ili kuliona jua likichomoza. Maswali yamemiminika, mengi kutoka vikundi vya hija. Haya ndiyo yaliyojirudia.

Nina miaka 63 na magoti yananisumbua. Kanisani wanasema nisihofu, kuna ngamia. Ni kweli? (Mama, Nakuru)

Shikamoo mama. Ngamia wapo, ila hawafiki kileleni. Njia yao inapanda kwa kuzunguka-zunguka, kisha mnateremshwa, na mbele yenu kuna ngazi 750 hivi za mawe ambazo hazilingani kimo. Hizo kila mtu hupanda kwa miguu yake. Zikikushinda, keti kwenye kibanda cha chai, umwombe kiongozi wako akutafutie mwamba unaotazama mashariki.

Ukipanda ngamia, kumbuka kwamba akiinuka hutanguliza miguu ya nyuma. Egemea nyuma na ushike tandiko kwa mikono miwili, la sivyo utamrukia kichwani.

Huenda kanisani hawakukuambia kwamba magoti huumia zaidi wakati wa kushuka. Kuna njia ya pili, Ngazi za Toba, zilizotengenezwa na watawa: ngazi zipatazo 3,750 kutoka kileleni hadi kwenye Monasteri ya Mtakatifu Katarina, makao ya watawa yaliyo chini ya mlima. Wengi hushukia huko kumekucha, na mandhari yake yanayazidi hata yale ya njia ya ngamia. Wewe mama, waache vijana wapite huko. Rudi ulikopandia, na mkongojo mkononi.

Nina ramani kwenye simu na nimeshapanda Kilimanjaro. Lazima nilipie kiongozi? (Arusha)

Lazima. Huruhusiwi kupanda bila kiongozi wa Kibedui, na binafsi naona ni haki. Viongozi hawa ni watu wa kabila la Jebeliya. Inasimuliwa kwamba mababu zao waliletwa na Justinian, mfalme wa Dola ya Rumi ya Mashariki, katika karne ya 6 ili kuilinda na kuihudumia monasteri aliyoijenga. Baadaye wakawa Waislamu, na kazi hawakuiacha. Kijana anayetembea mbele yako gizani bila hata kuwasha tochi anaijua njia hiyo kuliko simu yako. Mpe chake, na bahashishi juu.

Kuhusu Kilimanjaro: kilele cha Sinai kina mita 2,285 tu, karibu sawa na mwinuko wa Limuru. Hewa haitakusumbua. Kinachowasumbua wengi ni usingizi, maana mnaanza kupanda kama saa saba au saa nane usiku, na mwendo ni saa mbili na nusu hadi tatu.

Sisi ni Waislamu. Huko si kwa Wakristo tu? (Dada, Tanga)

Hapana, dada. Huu ndio mlima unaohusishwa na Tur Sinin tunayoisoma katika Surat At-Tin, na wenyeji wanauita Jabal Musa, yaani Mlima wa Musa. Kileleni kuna kikanisa cha Kiorthodoksi cha mwaka 1934, na hatua chache tu kutoka hapo kuna msikiti mdogo. Hata ndani ya kuta za monasteri upo msikiti, wa tangu enzi za Wafatimi, watawala wa Kiislamu wa Misri ya zamani.

Mkipanga kuswali Alfajiri huko juu, ondokeni mapema, maana wakati wake huisha jua likichomoza, na kwenye zile ngazi watu hupanga foleni. Makka iko kusini-mashariki, kwa hiyo kibla ni kulia mwa pale jua linapotokea.

Jangwani kuna baridi kweli? Tunakwenda Desemba. (Dodoma)

Kali! Usiku wa Desemba huko juu huweza kushuka chini ya nyuzi sifuri, na theluji huanguka baadhi ya miaka. Kosa la wengi ni kuvaa kila kitu tangu chini: wanatokwa na jasho njiani, wakifika juu na kukaa kulisubiri jua, jasho linawagandisha. Pandeni na nguo nyepesi, koti na sweta vikae begani hadi kileleni. Glovu, kofia ya sufu, tochi ya kichwani. Mablanketi hukodishwa kule juu, lakini shuka la Kimasai litakufaa zaidi, na unajua nani amelilalia.

Tukishuka, tutaingia monasteri? (Mombasa)

Inategemea siku. Hufunguliwa asubuhi kwa saa chache, na kwa kawaida Ijumaa na Jumapili wageni hawaingii. Kwa hiyo msipande usiku wa kuamkia siku hizo. Bega na magoti yafunikwe. Na pasipoti zikae mfukoni, msiziache hotelini Sharm el-Sheikh, kwa sababu barabarani kuna vizuizi vya ukaguzi na askari wa saa sita usiku hapokei picha ya kwenye simu.