Saponifikesheni si kuyeyusha mafuta

Dada, umeuliza kama saponifikesheni, yaani kugeuza mafuta kuwa sabuni, ni kuyeyusha mafuta tu. Hapana, ni kuyavunja. Molekuli ya mafuta ni esta: gliseroli moja imeshikana na asidi tatu za mafuta. Ukitia kostiki soda, ile alkali kali, zinaachana, unabaki na gliseroli na chumvi za zile asidi. Chumvi hizo ndizo sabuni yenyewe.

Huku Tanga mama hupika sabuni ya mafuta ya nazi. Anakoroga mpaka inakuwa uji mzito, mwiko ukipita unaacha mstari. Hapo mmenyuko umeshika. Karibu nusu ya asidi za nazi ni lauriki, yenye mnyororo mfupi wa kaboni 12 ambao chumvi yake huyeyuka kwa urahisi, ndiyo maana sabuni hiyo inatoa povu hata kwenye maji ya bahari.

Tafadhali usitumie sufuria ya alumini, kostiki inaila.