Mzee asiache furosemidi kwa ajili ya kapsuli za Kichina

Dada wa Busia, umeuliza kama baba yako, ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu sawasawa, atumie Qiliqiangxin, dawa ya kapsuli ya Kichina, aliyouziwa Kampala na aache dawa za hospitali kama furosemidi (ya kukojoza maji yaliyozidi mwilini), kama muuzaji anavyotaka. Hilo la kuacha, kataa kabisa.

Dawa yenyewe si ya kubezwa. Ni mchanganyiko wa mitishamba 11, na imepimwa: jaribio la QUEST huko China lilikuwa na wagonjwa zaidi ya 3,100, wengine wakipewa kapsuli zisizo na dawa bila mgonjwa wala daktari kujua. Waliolazwa kwa moyo kuzidiwa, au kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa, walikuwa takriban asilimia 25 kwa waliopewa dawa, na 30 kwa wengine. Vifo vya sababu zote kwa jumla, tofauti haikuthibitika. Na wote waliendelea na dawa zao za kawaida! Muuzaji hilo hakulisema, bila shaka.

Tena wagonjwa hao walikuwa wale ambao EF yao (sehemu ya damu ambayo moyo husukuma nje kila pigo) ni asilimia 40 kushuka chini. Itafute kwenye karatasi ya eko ya mzee, yaani kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti.

Ndani kuna mzizi wa akonaiti, sumu usipoandaliwa vizuri, na danshen, mzizi mwingine, ambao ukikutana na warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) huweza kuleta kutokwa damu. Kama NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, haijaisajili dawa hiyo ya Kichina, hujui umenunua nini.

Mpelekee daktari wake kopo lenyewe pamoja na dawa zote anazomeza. Mzee akivimba miguu ghafla au akishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, usingoje siku ya kliniki.