Uliza Fundi: Shiti nyeusi au ile inayong'aa?

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina karakana ndogo hapa Morogoro, natengeneza mageti na makabati ya ofisini. Dukani nakuta shiti mbili za milimita 2: moja nyeusi, nyingine inang'aa na bei yake iko juu. Muuzaji anasema ya bei kubwa ndiyo ngumu. Geti nililotengeneza kwa ile nyeusi limebanduka rangi hata mwaka haujaisha, na mteja analalamika. Je, nilinunua chuma dhaifu? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chuma chako hakikuwa dhaifu. Okota kipande cha rangi iliyobanduka ukigeuze. Ukikuta kwa nyuma kimeshikilia ngozi nyembamba ya kijivu inayoelekea bluu, jua kwamba rangi ilishika vizuri sana. Ilichoshikilia ndicho kilichoachia.

Ngozi hiyo ni magamba ya kiwandani. Shiti nyeusi huanza kama bonge nene la chuma, likapashwa moto hadi karibu nyuzi 1,200 na kupitishwa kwenye rola likiwa bado jekundu. Wakati linapoa, hewa inashika uso wake na kuacha tabaka gumu la oksaidi. Tabaka hilo halikunjiki. Ukiikunja shiti, ukiichomelea, au jua likiipasha mchana na usiku ikapoa, linapasuka nyufa ndogo. Maji yanapenya humo, na kutu inaanza kazi chini ya rangi wakati juu bado kunapendeza.

Ile inayong'aa nayo ilikuwa nyeusi. Iliogeshwa kwenye tindikali magamba yakatoka, kisha ikapitishwa tena kwenye rola bila kupashwa moto. Kubanwa hivyo ikiwa baridi kweli hukifanya chuma kiwe kigumu, na hapo ndipo muuzaji alipopata nusu ya ukweli. Nusu aliyoiacha ni kwamba shiti za kawaida za namna hii, kama zile zenye alama ya SPCC, hupashwa moto tena baadaye ili zilainike na kukunjika bila kupasuka. Bei unayoongeza inalipia uso laini na unene ulio sawa shiti nzima. Usimuuzie mteja kama nguvu.

Kwa kabati chukua inayong'aa, maana kila kovu linaonekana kwenye mlango bapa. Inakuja na mafuta. Yafute kwa thina kabla ya kupaka. Ukishayafuta usiiache wazi hadi kesho. Jasho la vidole tu linatosha kuiachia alama za kutu, na wenzetu wa Tanga na Dar wanalijua hilo zaidi.

Kwa geti baki na nyeusi, lakini isafishe. Grinda yenye diski ya msasa, pitisha mpaka chuma kiwe cheupe, futa vumbi kwa thina, paka praima, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo. Pale unapochomelea na pale unapobana ethi (kibanio cha waya wa mashine ya kuchomelea), safisha kwanza. Kazi hii inachosha, kwa hiyo iandike kwenye bei tangu mwanzo; mafundi wengi wanairuka kwa sababu hawakumtoza mteja.

Bamba nene za kukalia bawaba, milimita 6 au 10, ni nyeusi tu. Shiti zinazong'aa, zile za kubanwa baridi, kwa kawaida huishia kwenye milimita 3 hivi, kwa hiyo ukiuziwa bamba nene linalong'aa kwa bei ya juu, muulize muuzaji lilisafishwa kwa kutumia kitu gani.

Kabla ya kulipa, pima. Shiti nzima ya futi 8 kwa 4 yenye milimita 2 ina uzito wa karibu kilo 47. Ya milimita 1.5 ni kilo 35. Mizani ikisoma 41, hiyo ni kama milimita 1.75, hata kama chaki imeandika 2. Inaniuma kuona kijana analipia chuma ambacho hakupewa.

Geti la mteja wako usilipake juu kwa juu. Kwangua kote kulikolegea, na uendelee hadi ufike mahali ambapo bisibisi hainyanyui kitu. Saga mpaka chuma, weka praima, ndipo urudishe rangi.