Setingi za VS Code zimejificha wapi?

SWALI: Mambo fundi, nimepata laptop nyingine nimeiweka Linux, ile ya zamani ni Windows, sasa VS Code yangu (ile programu ya kuandikia kodi) nilishaipamba rangi na fonti mpaka basi, hizo setingi zinakaa wapi nizihamishe?

JIBU: Poa kaka. Faili lenyewe linaitwa settings.json. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %APPDATA%\Code\User halafu enta, maana folda ya AppData imefichwa, ukiitafuta kwa macho utakesha. Kwenye Linux liweke ~/.config/Code/User (hiyo ~ ni folda yako ya nyumbani), hiyo nukta mwanzoni mwa config ndo inaificha folda, jaribu Ctrl+H itatokea. Wenye Mac wao ni ~/Library/Application Support/Code/User. Kama ulibadilisha shotikati za kibodi beba na keybindings.json, iko hapohapo.

Ila ekstensheni (vile vinyongeza ulivyoipakulia VS Code) haziko humo bana, zenyewe ziko .vscode/extensions ndani ya folda yako ya nyumbani, na hizo usizikopi, zingine zimetengenezwa kwa ajili ya Windows tu, we zipakue upya. Ukiona uvivu (mi mwenyewe huwa naona) washa Settings Sync, ingia na akaunti ya GitHub au Microsoft, setingi na ekstensheni zinajihamia zenyewe.