Cheti cha siku moja hakimfundishi mlezi kumsikiliza mama

SWALI: Nina kituo cha kulelea watoto mchana hapa Kibaigwa. Walezi wangu watatu walihudhuria semina ya siku mbili wakapewa vyeti, lakini bado wanazozana na wazazi getini. Mtoto mmoja wa miaka miwili analia kila asubuhi hadi saa nne. Nimeona tangazo WhatsApp la kozi ya siku moja ya kujenga mahusiano na watoto na wazazi, Sh50,000 kwa kila mlezi, cheti unaondoka nacho. Niwapeleke?

JIBU: Usiwapeleke, dada yangu. Walezi wako hawajapungukiwa maneno. Karibuni nilikaa asubuhi nzima kwenye kituo kimoja wilayani Bahi. Mlezi alinitajia bila kukwama mambo matano ya malezi jumuishi: afya, lishe, malezi yenye mwitikio (kumsoma mtoto anachotaka na kumjibu), ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Muda wote huo mtoto alikuwa amemnyooshea kikombe, na mlezi hakumwangalia hata mara moja. Hilo la tatu alikuwa amelikariri, basi.

Mwitikio haukaririwi. Miaka ya 1970 huko Marekani, mwanasaikolojia Edward Tronick aliwaomba mama wacheze na vichanga vyao, kisha wakaushe uso kwa dakika chache tu. Watoto walitabasamu, wakapunga mikono kumrudisha mama, na waliposhindwa wakageuza uso. Mtoto mchanga anatambua kabisa mtu aliye mbele yake lakini hayupo naye. Mama naye anatambua. Anayewahi sokoni kwenye mahindi saa kumi na mbili asubuhi, akapokelewa na mlezi anayeanza na "mbona hujaleta nguo za kubadilisha?", anaondoka na donge, na mtoto analibeba lile donge mwilini mwake.

Sasa jiulize mlezi huyo naye anasikilizwa na nani. Hapa ndipo wauza vyeti wanaponichosha, maana wanafundisha mahusiano kwa slaidi ukumbini, wanapiga picha, wanaondoka. Mlezi anayekaripiwa na msimamizi mbele ya wenzake atamkaripia mama, na hakuna slaidi itakayozuia hilo. Anayesikilizwa anapata nafasi moyoni ya kumsikiliza mwingine. Kwa hiyo mafunzo yenyewe yanaanza na wewe: kila baada ya wiki mbili kaa na mlezi mmoja mmoja, saa nzima, bila daftari la mahudhurio, simu ukiwa umeizima. Muulize alijisikiaje mtoto yule alipomlilia begani. Muulize anadhani mama wa mtoto huyo alikuwa anawaza nini pale getini. Usikimbilie kutoa ushauri. Mara mbili za kwanza atakujibu "kawaida tu", na wewe endelea kukaa naye.

Kuhusu mtoto anayelia, mpe mlezi mmoja awe wake, ampokee yeye kila siku. Mama akae naye dakika kumi, kisha amuage waziwazi. Asichomoke kwa siri. Na anayewaambia "mwacheni alie, atazoea" msimsikilize. Mtoto wa namna hiyo akinyamaza, huenda amekata tamaa tu.

Nasema haya kwa wasimamizi wote, hata wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaoingia nyumba za watu Chamwino na Mpwapwa. Tangu mpango wa taifa wa malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto uzinduliwe Desemba 2021, kila mtu amekuwa mwezeshaji. Wapo wazuri, nimefanya nao kazi, ila hawa hawaahidi cheti cha papo hapo. Kabla ya kulipa, muulize mtu huyo: atakuja kituoni mara ngapi baada ya semina? Ataketi sakafuni awaangalie walezi wakiwa na watoto? Na yeye kazi yake anaizungumza na nani? Akikujibu kwa bei na idadi ya vyeti, Sh150,000 hizo tafutia mtu wa kushika zamu, ili mlezi apate ile saa yake ya kukaa na wewe.