Kitasa cha kibweta chenye mbavu nyembamba

Vibweta ninavyotengeneza hapa Mji wa Kale, vile vya kuwekea vito vya bibi harusi, chupa za halwaridi, vyeti na hati za familia, huwa na mbavu za unene wa milimita 6, na unene huo ndio unaokifanya kibweta kiwe chepesi mkononi na kizuri machoni. Unene huo huo ndio unaokataa vitasa vya dukani. Kitasa cha kawaida cha mtoto wa meza kimekusudiwa kuzamishwa katika mbao nene, na mwili wake pekee mara nyingi huzidi milimita 10, kwa hiyo ukiuchimbia katika ubavu wa milimita 6 patasi itatokea upande wa pili kabla kazi haijafika nusu. Ukiamua kukifunga kwa ndani kwa parafujo, kila parafujo hupata mbao isiyozidi milimita 4 au 5 ya kung'ang'ania, nayo hulegea upesi kwa kufungua na kufunga. Kwa miaka mingi sasa nimekuwa nikiwapendekezea mafundi wenzangu muundo mmoja: ulimi wa ndoana unaozunguka, uliokaa juu ya kibao cha ziada kilichogundishwa ndani, na unaofunguliwa kwa ufunguo wa mraba.

Kabla ya kushika msumeno, fundi aamue kitasa chake kinamzuia nani. Kibweta cha urefu wa sentimita 24 hubebeka kwapani, na mwizi aliyekipata atakivunja kwa wakati wake mahali pengine, hata kama umekitia kitasa cha benki. Anayezuiwa ni mkono wa udadisi ndani ya nyumba: mtoto, mgeni, au jamaa anayetaka kuona kilichomo bila kujulikana. Ndiyo maana nimejiwekea kipimo kimoja tu, kwamba asiye na ufunguo asiweze kukifungua bila kuacha alama. Kipimo hicho kinamwondolea fundi mzigo wa kutafuta ugumu usio na maana, kwa kuwa kitasa chenye nguvu kuliko ubavu unaokishikilia kitaung'oa ubavu wenyewe siku mtu atakapokilazimisha.

Kazi inaanzia kwenye kibao cha mgongoni. Chukua kipande cha mninga cha unene wa milimita 12, urefu wa milimita 60 na kimo cha milimita 40, ukigundishe nyuma ya ubavu wa mbele, katikati, nyuzi zake zikielekea upande mmoja na nyuzi za ubavu. Mwelekeo huo una umuhimu mkubwa, kwa sababu mbao hutanuka na kusinyaa kwa kukata nyuzi zaidi sana kuliko kwa kufuata nyuzi, na ukiikingamisha, gundi itabanduka au ubavu utapasuka. Sehemu ya kitasa sasa ina unene wa milimita 18, ilhali kwa nje kibweta kimebaki kilekile. Ninauchagua mninga kwa kuwa ni mbao inayotulia. Unyevu unapopanda na kushuka, hubadilika kidogo kuliko mbao nyingi zinazouzwa hapa. Kingo za kibao zilainishwe kwa msasa ili zisikwaruze vilivyomo, na katikati ya ukingo wake wa juu pachongwe pengo dogo ambalo kazi yake nitaieleza hivi punde.

Kwa nini ndoana, wala si komeo la kusogea moja kwa moja? Sababu ni kupinda kwa ubavu. Mbao ya milimita 6 hupinda ukiisukuma kwa kidole gumba, na mtu akiingiza bapa la kisu kati ya kifuniko na ubavu, hatimaye ubavu utarudi nyuma kiasi cha kuliachilia komeo lililoingia milimita 3 tu katika kifuniko. Ndoana haina udhaifu huo. Imekishika kifuniko kama kidole kilichokunjwa, na hata ubavu ukipinda, kibao na ndoana husogea pamoja nao bila kuachia.

Ndoana hushikana na tumbuu iliyo kwenye kifuniko. Ninaikunja tumbuu kutokana na waya wa shaba ya njano wa milimita 3, iwe na miguu miwili inayopanda ndani ya kibao kingine kilichogundishwa chini ya kifuniko, na kipande cha chini kilicholala kutoka mbele kwenda nyuma. Mguu mmoja unakaa mbele ya ulimi na mwingine nyuma yake, na ulimi unapozunguka unapita kati ya miguu hiyo, juu ya kile kipande kilicholala. Mguu wa mbele ndio unaohitaji lile pengo lililochongwa katika kibao cha mgongoni. Miguu yote miwili ipakwe epoksi, na kila mmoja upigiliwe kipini chembamba cha shaba kwa ubavuni, kwa kuwa gundi peke yake haitoshi pale panapovutwa kila siku.

Jambo linalofuata ndilo linalotenganisha kitasa kinachofunga na pambo linalofanana na kitasa, nami namsihi msomaji alichore kwanza kwenye karatasi kwa bikari. Ulimi ukiwa umefunga, tumbuu lazima iwe wima juu ya mhimili unaouzungusha ulimi, na ukingo wa ndani wa ndoana, yaani ule unaogusana na tumbuu, uwe kipande cha duara ambalo kitovu chake ni mhimili wenyewe. Katika vibweta vyangu nusu kipenyo cha duara hilo ni milimita 15. Mtu anapokivuta kifuniko kwenda juu, nguvu yake inapita moja kwa moja kwenye mhimili, na nguvu inayopita kwenye kitovu haiwezi kuuzungusha ulimi hata iwe kubwa namna gani. Tumbuu ikisogea pembeni hata milimita 4 huku ukingo wa ndoana umekatwa kwa mshazari, kila anayekivuta kifuniko atakuwa anausukuma ulimi ufunguke wenyewe. Nimeletewa vibweta kutoka kwa wengine ambavyo wenyewe walilalamika kwamba springi ni dhaifu, ilhali tatizo lilikuwa umbo la ndoana, na hakuna springi ambayo ingeliponya.

Ulimi unakatwa kwa msumeno wa chuma katika bamba la shaba la milimita 2, kisha unamalizwa kwa tupa. Mhimili ni nondo ya shaba ya duara yenye kipenyo cha milimita 6, na ncha zake zote mbili zinapigwa tupa hadi ziwe mraba wa milimita 4. Kipimo hicho kinaingia vizuri, maana mshazari wa mraba wa milimita 4 ni takriban milimita 5.7, kwa hiyo mraba mzima unapatikana ndani ya nondo bila pembe zake kukosekana. Ncha ya ndani inaingia katika tundu la mraba la ulimi, kisha inagongwa kwa nyundo ndogo hadi isambae, na hapo ulimi na mhimili huwa kitu kimoja. Kwa upande wa nje, toboa tundu la milimita 10 lenye kina cha milimita 10, na milimita 8 zilizobaki zitobolewe kwa ukubwa wa mhimili tu, ukiacha nafasi ndogo ya kuzunguka. Mhimili uishie ndani ya tundu hilo bila kufika usoni, ili koleo lisipate pa kushika. Ulimi wenyewe unauzuia mhimili usivutwe nje. Usisukumwe ndani ni kazi ya bamba jembamba la kufunika lililopigwa parafujo juu ya kibao, ambalo pia hulinda shanga na mikufu isinaswe na ndoana.

Ufunguo ni bomba la shaba linaloingia katika tundu bila kubana. Chonga msumari mnene uwe mraba wa milimita 4, uuingize mdomoni mwa bomba, kisha uligonge bomba pande nne juu ya chuma kigumu hadi nafasi ya ndani ifuate umbo la msumari. Kichwa cha ufunguo ndipo fundi anapoweza kuonyesha mkono wake. Mimi hukata umbo la jani au la nyota na kulichomea kwa risasi. Anayeona kwamba mraba unabahatishwa kwa urahisi achonge pembetatu, au mraba wenye pembe moja iliyokatwa. Kwa yule mkono wa udadisi, hilo latosha. Vitasa vya pini na springi, vya aina ambayo Linus Yale Mdogo alipewa hataza zake mwaka 1861 na 1865 huko Marekani, ni kazi ya mashine na vipimo vidogo mno, na sioni sababu ya kuvihangaikia katika kibweta cha harusi.

Kuhusu madini, kwetu pwani sina mjadala. Hewa ya chumvi hukila chuma cha kawaida, na chuma kikigusana na shaba penye unyevu wa chumvi, chuma ndicho kinachotangulia kuoza, kwa hiyo parafujo moja ya chuma katika kitasa cha shaba itakuwa donge la kutu wakati sehemu nyingine bado zinang'aa. Parafujo na vipini vyote viwe vya shaba, na kwa kuwa parafujo za shaba ni laini, toboa tundu kwanza na uzipake nta ya nyuki kabla ya kuzikaza. Ili ulimi usizunguke wenyewe kibweta kinapotikiswa, weka washa, yaani kiduara chembamba chenye tundu katikati, kati yake na bamba la kufunika. Wengi huweka ya ngozi. Mimi naikataa, kwa sababu ngozi ikikaa juu ya shaba huzaa ukungu wa kijani. Plastiki iliyokatwa kwenye jerikeni kuukuu inafaa zaidi na haigharimu kitu.

Acha nafasi kati ya ndoana na tumbuu. Nusu milimita inatosha, nayo ni takriban unene wa kadi nzito ya mwaliko wa harusi iliyokunjwa mara moja. Kibweta kilichofungwa kitasa wakati wa masika, mwezi wa Aprili au Mei, mbao ikiwa imeshiba unyevu, kitalegea kidogo baadaye, na hilo halina madhara. Hatari ni kukibana kabisa wakati wa kaskazi, katika joto la Januari na Februari, kisha masika yakafika na kifuniko kikakwama kikiwa na vito vya watu ndani. Mteja akiniambia kibweta kinakwenda Nairobi, ambako hewa ni kavu kuliko yetu, ninaibana nafasi hiyo kidogo.

Bawaba nazo zipewe heshima ileile. Parafujo za bawaba katika ubavu wa nyuma wa milimita 6 zina udhaifu uleule nilioueleza mwanzoni, na aliyeshindwa na kitasa cha mbele hugeuza kibweta. Gundisha ufito wa mninga wa milimita 8 kwa ndani, urefu wote wa ubavu wa nyuma, na uchague bawaba ambazo kibweta kikifungwa vichwa vya parafujo havionekani.

Visanduku vya bati, kama vile ambavyo vyama vya kuweka akiba huwekea fedha na daftari, vina kanuni yao. Bati la milimita 0.8 haliwezi kushika hesi, yaani mifuo ya mzunguko inayoshika bolti: bolti ya milimita 3 ya kawaida husonga nusu milimita kwa kila mzunguko, kwa hiyo ukikata hesi ndani ya bati unapata mzunguko mmoja na nusu tu. Tumia nati kwa nyuma, au piga ribiti bamba la milimita 2 ndani ndipo ukate hesi. Kitasa cha silinda cha droo za ofisi kinafaa hapo, mradi tundu lake lichongwe likiwa na pande mbili bapa zinazolingana na silinda. Tundu la duara kamili litaiacha silinda yote izunguke pamoja na ufunguo.

Wako wanaoniomba kitasa cha sumaku iliyofichwa. Ninakataa kwa nyumba zenye watoto wadogo, kwa kuwa sumaku za neodimiamu zikimezwa mbili hushikana ndani ya utumbo na kuujeruhi.

Kabla ya kukikabidhi kibweta, kifunge kikiwa na kitu kizito ndani, kama mchele wa kilo mbili katika mfuko, kisha ukiinue kwa kushika kifuniko peke yake na ukitikise. Tumbuu ikilia lakini kifuniko kisifunguke, kazi imekubali. Funguo ziwe tatu: mbili za mwenyewe na moja unayobaki nayo wewe fundi, ikiwa na nambari iliyoandikwa pia chini ya kibweta, ili mteja akipoteza zake apate nyingine bila patasi kugusa kifuniko.