Gail Davis alipotelea wapi baada ya Annie Oakley?

Mkuu, umeuliza kwa nini mwigizaji Gail Davis alififia ghafla baada ya tamthilia ya runinga ya Annie Oakley. Kipaji alikuwa nacho, ila uhusika wa Annie, binti mlenga shabaha, ulimganda. Tamthilia ile ilirushwa Marekani 1954 hadi 1957, vipindi 81 vya nusu saa, chini ya kampuni ya Gene Autry, ambaye alishamchezesha kwenye filamu zake za kauboi. Mwangalie vizuri: nywele kasuka mikia miwili, nguo za matamvua, bunduki mkononi, juu ya farasi wake Target. Watayarishaji wakawa hawamwoni kwa sura nyingine. Hata 1961, kwenye tamthilia ya vichekesho The Andy Griffith Show, walimpa nini? Binti mlenga shabaha! Kipindi chenyewe kinaitwa The Perfect Female, kitafute.